Mchoro Ulioagizwa ni wa Nani?

Mchoraji amepata kazi: jalada la kitabu cha watoto na michoro 12 ya ndani. Ametuma rasimu za penseli, mteja amerekebisha hapa na pale, rangi zimetiwa, faili zimetumwa, pesa zimeingia kwa M-Pesa. Mwaka unapita, kisha anamwona yule sungura wake dukani, kachapwa kwenye fulana na mikoba ya shule. Anatujia na swali moja: nani aliwaruhusu?

Kwa mchoraji wa Kenya, jibu huuma. Wengi huamini hakimiliki hubaki kwa aliyechora mpaka aiuze. Ni kweli kwa kazi uliyojibunia mwenyewe. Kazi ya kuagizwa ina kanuni yake: kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinaihesabu hakimiliki kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila pale pande mbili zilipokubaliana kuuzuia uhamisho huo au kuuwekea mipaka. Mkinyamaza nyote wawili, mwenye mali ni mteja.

Naona kanuni hii inamwelemea mchoraji anayejitegemea, ambaye mara nyingi hana wakili wala ubavu wa kubishana na mchapishaji. Uingereza mambo ni kinyume: chini ya sheria yao ya 1988, msanii asiyeajiriwa hubaki na hakimiliki hata kama kazi iliagizwa, hadi aihamishe kwa maandishi yenye sahihi yake. Kwa hiyo ukiwa Nairobi na mteja yuko London, hakikisheni mkataba unataja ni sheria ya nchi gani itakayotumika.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujaanza kuchora, andika kwamba hakimiliki inabaki kwako na mteja anapewa leseni. Leseni ya nini? Hapa ndipo penye kazi. Taja kitabu chenyewe, kwa lugha gani, katika nchi zipi, kwa miaka mingapi, na kama toleo la kidijitali limo. Bidhaa nyingine, kama fulana, kalenda au katuni ya video, ziwe na malipo yake. Rasimu zilizokataliwa nazo zitajwe, maana huko ndiko wahusika wazuri hupotelea. Mteja akitaka haki zote, si kosa, ila bei isiwe ile ya jalada moja. Sheria haikutaja umbo la makubaliano haya ya kuzuia uhamisho, hivyo hata barua pepe aliyoijibu mteja ni bora kuliko maneno ya simu. Mimi bado nashauri karatasi yenye sahihi mbili.

Usajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni ushahidi mzuri, lakini hautengui uhamisho uliokwisha kutokea.

Lipo jambo moja ambalo mteja hapati hata akinunua kila kitu. Kifungu cha 32 kinamwachia mchoraji haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyechora, na ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizo hazihamishiki akiwa hai. Mwenye sungura huenda asipate senti ya mauzo ya mikoba, ila anaweza kudai jina lake liandikwe.