Q bila U: maneno unayoyajua tayari kwa Kiswahili

Nafundisha Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi zenye alama, na hofu ninayokutana nayo kila mara ni ileile. Mwanafunzi anachota kete, anaona Q, anatafuta U, ambayo kwa Kiingereza kwa kawaida huifuata Q, kwenye kibao chake, haipo. Anaanza kucheza kwa kukwepa. Mzunguko baada ya mzunguko anaibeba Q kama mzigo, akitumaini U itakuja. Kete za U ziko nne tu kati ya 100, na huenda zote zimeshawekwa ubaoni. Mchezo ukiisha na Q bado iko mkononi, anakatwa alama 10, na mwenzake aliyemaliza anaongezewa 10 hizohizo. Tofauti ya 20, na michezo mingi mizuri huamuliwa kwa chini ya hapo.

Kwa kawaida waalimu huwapa wanafunzi orodha ya kukariri: maneno ya herufi mbili, tatu, nne, tano yenye Q isiyofuatwa na U. Nami nilikariri hivyo. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba sehemu kubwa ya orodha ile nilikuwa nayo kichwani tangu utotoni, ila ilikuwa imeandikwa kwa K.

Tazama. QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka. QIBLA ni kibla. WAQF ni wakfu. FIQH ni fikihi. NIQAB ni nikabu, FAQIR ni fakiri, SUQ ni soko, na QASIDA, yenye herufi sita, ni kasida ileile inayosomwa kwenye maulidi. Hata QAT, neno la herufi tatu linalookoa watu kila siku, ndiyo miraa au mirungi. Jina hilo limetoka Kiarabu.

Sababu iko kwenye historia ya maandishi. Kiingereza cha kale hakikuwa na haja ya Q: malkia aliandikwa “cwen”. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea Kifaransa walileta mtindo wa QU, na “cwen” ikawa “queen”. Tangu hapo Q na U zikaandamana kama kidole na pete. Kisha Kiingereza kikaazima maneno ya Kiarabu yenye herufi qaf, sauti inayotoka nyuma kabisa ya mdomo, na waliokuwa wakiyaandika kwa herufi za Kilatini wakaichukua Q ikiwa peke yake kuiwakilisha. Sisi tulipoandika Kiswahili kwa herufi hizohizo, tuliiweka qaf chini ya K. Neno ni moja, tahajia mbili.

Basi mwanafunzi wangu akishikwa na Q, simwambii akumbuke orodha. Namwambia afikirie mahakama ya kadhi, ndoa, ibada na mavazi, kwa sababu huko ndiko Kiingereza kilikoazima zaidi maneno haya. Ukiwa na A, D na I, kadhi huyo hapo. Ukiwa na W, A na F, wakfu unakupa alama 19 kabla hujagusa mraba wowote wa rangi, yaani wa kuzidisha alama, na FIQH nayo ina 19. Ukihitaji neno la herufi tano badala ya nne, ongeza S ya wingi: QADIS, WAQFS.

Kuna mtego, na lazima niuseme. Si kila K yetu ni qaf. Kitabu na kafiri zina kaf, herufi nyingine ya Kiarabu yenye sauti ya K ya kawaida, kwa hiyo Q haiingii. Aliyepitia chuoni akasomeshwa Kurani hutofautisha sauti hizo mbili upesi. Tena si kila neno lenye qaf limeingia Kiingereza. Hakika na dakika ni za qaf kabisa, lakini ukiziweka ubaoni kwa Q utapingwa na kupoteza zamu. Kahawa nayo ni ya qaf, ila Kiingereza kiliipokea kwa njia nyingine na kuiandika “coffee”.

Yaliyobaki ni ya kukariri kweli, na si mengi. QI, kutoka Kichina, ndilo pekee la herufi mbili, na thamani yake ni kubwa ajabu: Q ikikaa kwenye mraba wa herufi mara tatu na kuunda QI kwa kulala na kwa kusimama, unapata 62 kwa kete chache. TRANQ ni kifupisho cha neno la dawa ya kutuliza. QOPH ni herufi ya Kiebrania, ndugu wa qaf.

Wanaocheza Wordle, mchezo wa mtandaoni wa kubahatisha neno, wasiichukue mbinu hii moja kwa moja. Majibu ya mchezo ule huchaguliwa kati ya maneno ya kawaida ya herufi tano, kwa hiyo huko Q mara zote tarajia U.

Mara nyingine tatizo hugeuka: U zimejaa kibaoni na hakuna pa kuzitupa. Hapo Kiswahili chenyewe kinasaidia, maana kamusi ya Collins, inayotumika katika mashindano mengi nje ya Marekani ya Kaskazini, inakubali UHURU. Neno la herufi tano linaloondoa U tatu kwa mkupuo! UJAMAA inaondoa A tatu pamoja na J. KANZU ina alama 18, MZEE 15. BWANA pia imo.

Maneno mafupi yasidharauliwe. Wellington Jighere wa Nigeria alipotwaa ubingwa wa dunia mjini Perth mwaka 2015, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, neno lililovuma sana lilikuwa FELTY: herufi tano, alama 36. Wanigeria walijizoeza kwa makusudi maneno ya urefu huo, yasiyomfungulia mpinzani nafasi na yasiyomaliza kete nzuri.

Ukienda kucheza Marekani au Kanada, uliza kwanza orodha inayotumika. Yao ni fupi kuliko ya Collins, na si kila neno nililotaja humu utaliwekea dhamana mbele ya mwamuzi wa kule.