Kuacha mionzi baada ya upasuaji wa titi: nani anaweza, na kwa sharti gani

Mwanamke akiondolewa uvimbe wa saratani na titi likabaki, kwa kawaida hupangiwa mionzi ili kuua chembe za ugonjwa zisizoonekana. Kuacha mionzi ni uamuzi wa kuiruka hatua hiyo kwa baadhi ya wanawake wenye umri mkubwa. Ndugu wengi wakisikia hivyo hudhani bibi ametelekezwa kwa sababu ya uzee. Sivyo.

Ushahidi mzito unatokana na utafiti wa PRIME II, ulioongozwa kutoka Edinburgh, ambao matokeo yake ya miaka 10 yalichapishwa 2023. Walishiriki wanawake 1,326 wa miaka 65 na kuendelea. Uvimbe wao haukuzidi sentimita 3, tezi za kwapani hazikuwa na saratani, na ugonjwa ulikuwa wa aina inayochochewa na homoni. Wote walipangiwa dawa za kuzuia homoni, na nusu yao wakaongezewa mionzi. Kwa wasiopigwa mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 9.5, kwa waliopigwa, 0.9. Lakini waliokuwa hai baada ya miaka 10 walikuwa karibu asilimia 81 kila upande, na wengi wa waliofariki waliuawa na maradhi mengine kabisa.

Kwa hiyo mionzi hupunguza sana hatari ya saratani kurudi titini, ila kwa kundi hili haikurefusha maisha.

Sharti lenyewe ni vidonge hivyo vya kuzuia homoni: tamoksifeni au letrozole, kila siku, kwa kawaida miaka 5. Hapa ndipo mambo huharibika. Viungo vinauma, joto linapanda ghafla usiku, na letrozole hudhoofisha mifupa. Mama anaacha dawa kimyakimya na kliniki hasemi. Katika PRIME II, miongoni mwa wasiopata mionzi, waliolegea kumeza vidonge ndio waliorudiwa zaidi. Waliokuwa na vipokezi vichache vya estrojeni (sehemu za chembe ya saratani zinazopokea homoni hiyo ya kike) nao hawakuwa salama sana, kwa hiyo ripoti ya maabara isiyotaja vipokezi haitoshi kuamulia.

Binafsi naona mgonjwa aulizwe pia kinyume chake: apigwe mionzi na aache vidonge? Uingereza siku hizi wengi hupigwa mionzi mara 5 tu, ndani ya wiki moja. Kwa bibi ambaye tayari anameza dawa za presha na kisukari, wiki hiyo huenda ikawa nyepesi kuliko miaka 5 ya kidonge kingine, na watafiti wa Ulaya wameanza kulinganisha mionzi peke yake na vidonge peke yake.