Gobore la asili ni lipi hasa? Angalia moto unapoanzia

Mada ya leo imeletwa na mjomba wangu wa Tabora. Nilimtumia picha WhatsApp nimebeba bunduki yangu ya Desemba, hapohapo akapiga, "Mpwa wangu, umetoka huku mpaka Marekani kwenda kununua gobore?" Nilicheka sana, maana hiyo ndo kazi inayonilisha hapa Pennsylvania, natengeneza magobore, na wateja wangu ni watu wenye bunduki za kisasa kabati zima, ila Krismasi ikipita tu wanaziacha nyumbani wanabeba gumegume, yani gobore la kuwashwa kwa jiwe, wanaingia porini kwenye theluji kutafuta kulungu.

Akauliza tena, "Sasa mbona hiyo yako ina tako la plastiki? Hilo nalo la asili?"

Hapo ndo patamu. Msimu wa gumegume hapa ulianza 1974 na sheria yake inabana hasa kwenye moto. Bunduki iwe ya kale yenyewe au nakala ya zilizotumika kabla ya 1800, tundu la mtutu lisipungue inchi .44, shabaha zisiwe na darubini, na nyundo iwe imeshika jiwe, tena wameandika kabisa jiwe la asili, linalokwaruza chuma mpaka cheche zidondokee baruti. Plastiki haijaguswa.

Sasa sikia kilichotokea karakana kwangu. Alikuja mzee na bunduki ya babu wa babu yake, ya miaka ya 1850, mbao imeng'aa kwa kushikwa na mikono ya vizazi, shaba zote zipo, nzuri mpaka unaogopa kuiweka mezani. Ila ni ya fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo, haina jiwe. Pembeni yake kijana kashika gumegume jipya la kiwandani, tako jeusi la plastiki, shabaha zinawaka kijani kama taa za bodaboda. La kijana ruksa, la mzee marufuku msimu ule. Mzee aliniangalia kama mimi ndo niliyetunga sheria. Akaomba niibadilishe iwe ya jiwe, nikakataa, huwezi kuitoboa upya bunduki ya hivyo eti kwa sababu ya kulungu mmoja.

Na mimi niko upande wa sheria, japo roho iliniuma. Ili uelewe kwanini, twende pole pole jinsi linavyoshindiliwa. Mimi natumia mtutu wa .50, namimina baruti nyeusi greni 70, kama gramu nne na nusu hivi, naweka kitambaa kilichopakwa mafuta mdomoni mwa mtutu, juu yake gololi ya risasi ya .490, nasukuma, nakamata mdeki, ile fimbo ya kushindilia, nashindilia mpaka mkono usikie imekaa juu ya baruti, usiache nafasi hapo katikati, utapasua mtutu. Halafu kwenye kifa, kile kibakuli cha ubavuni, natia unga laini kabisa, kidogo tu. Ukivuta, jiwe linakwaruza, unga wa kifa unawaka, mwali unapenya katundu kadogo ndo baruti ya ndani inalipuka. Kuna kaupenyo ka muda hapo katikati, kadogo sana, ila ukitikisika umekosa.

Januari moja nilikaa chini ya mti saa nzima theluji inayeyuka matawini inadondoka tone tone, kulungu akaja hatua kama 30, nikavuta, tsss, moshi kidogo, basi. Masizi ya baruti yananyonya unyevu, kifa kilikuwa kimeshageuka uji. Kulungu kanitazama akaondoka zake anatembea, hata mbio hakupiga. Siku hiyo nilielewa vizuri kwanini mwanaume asiyefaa tunamwita gumegume. Siku hizi kila baada ya dakika chache nafungua, nafuta kwa kidole gumba, natia unga mpya, na mtambo naufunika na kipande cha ngozi.

Shida hii ndo iliyozaa fataki. Mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alichoka kuona ndege wanashtukia mwali wa kifa na kuruka kabla risasi haijafika, 1807 akapata hataza ya kuwasha kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, fataki zikafuata baadae. Kwahiyo ukitoa jiwe ukaweka fataki umeshamtatulia mwindaji tatizo lake kubwa kuliko yote, na ndo maana kwangu mimi mstari unapita hapo.

Majimbo mengine wanaona tofauti. Idaho kwenye misimu yao ya magobore fataki ruksa ila nyundo iwe ya kuzunguka, ionekane nje ipigwe na mvua, na baruti iwe ya kumimina. Colorado hata yale ya kisasa ambayo moto unaingia moja kwa moja kwa nyuma, yaliyovuma tangu fundi Mmarekani Tony Knight atoe gobore lake la MK-85 mwaka 1985, wanayaruhusu, wanachokataa ni darubini, vidonge vya baruti na vikombe vya plastiki vya kuvisha risasi. Yani wao wanapunguza umbali wa kupiga. Utah waliruhusu darubini za kukuza 2016, wakazikataza tena 2024. Sheria ya taifa nayo inahesabu ya kale ni iliyotengenezwa 1898 au kabla, pamoja na nakala zake. Neno moja, maana kibao.

Na sisi tulishawahi kupangiwa maana yetu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki kali kuingia sehemu kubwa ya Afrika, kwa jina la kupambana na biashara ya utumwa, ila ukaacha mlango kwa gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Sasa raifo za Pennsylvania, walizotengeneza mafundi wa Kijerumani huko Lancaster karne ya 18, sifa yao kubwa ni hiyo mifereji, ndo inazungusha gololi iende sawa. Hii yangu ninayoiita ya asili ingezuiwa forodhani Unguja kwa kuwa ya kisasa mno! Nilimweleza mjomba akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe."

Wale watakaouliza mdeki wangu ni wa mti gani, ni wa plastiki ngumu. Wa mbao ulinivunjikia mkononi nikishindilia kwa haraka, kijiti kikaingia kiganjani nikashonwa nyuzi nne. Wazee wa klabu wananicheka kila Jumamosi, wacha wacheke, moto wangu unatoka kwenye jiwe.