Nyumba iko Leicester, talaka iko Mombasa: yasemwayo na yaliyo kweli

Mama mmoja alifungua bahasha ya kaki akamwaga risiti juu ya meza yangu kama mtu anayemwaga mchele wa kuchagua. Miaka ya pesa zilizotumwa Uingereza: za dhahabu aliyouza, za kodi ya duka, za mchezo wa akina mama. Nyingi zilikuwa za ile karatasi ya mashine inayofifia, na zile za zamani zaidi zilikuwa nyeupe tupu, huwezi kusoma hata tarehe.

"Mwanangu," akaniambia, "dada zangu wanasema nisijisumbue. Ati mali ya ng'ambo haigawanywi Mombasa."

Mimi ni karani tu katika ofisi ya mawakili, si wakili, lakini maneno haya nayasikia kila wiki. Dada zake walikuwa na nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayowaponza watu.

"Mahakama ya Mombasa haina mkono huko"

Ni kweli kwamba jaji wa Mombasa hawezi kumwandikia msajili wa ardhi wa Uingereza amwambie afute jina hili aandike lile. Kanuni yenyewe ni kongwe. Mwaka 1893 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Waingereza, ilipelekewa mzozo wa ardhi iliyokuwa Msumbiji, ikakataa kuamua nani mwenyewe. Ardhi husikiliza mahakama ya pale ilipo, na nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, yetu ikiwamo, zimeishika kanuni hiyo.

Lakini nyumba haisafiri, mtu husafiri. Mume akiwa na makazi hapa, au akija Idi kuwaona wazee wake, au akiwa na kiwanja Bombolulu, mahakama inaweza kumshika yeye: atoe orodha ya mali zake zote kwa hati ya kiapo, za Kenya na za nje, asiuze mpaka kesi iishe, amlipe mwenzake kiasi fulani. Akikaidi, amedharau mahakama. Na kuna njia ya mkato ambayo mawakili wenye busara huianza mapema: mali za pande mbili zinapimwa pamoja, mmoja anabaki na cha ng'ambo, mwingine anachukua cha hapa, hakuna anayepanda ndege.

Kama mume haji na hana chochote Kenya, hapo amri ya Mombasa itakuwa karatasi nzuri yenye muhuri. Kuna mlango mwingine, nitaufikia.

"Kila kitu ni nusu kwa nusu"

Hili limeenea tangu Katiba ya 2010, kwa sababu Ibara ya 45 inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Watu wakasoma "sawa" wakaelewa "nusu". Mwezi Januari 2023, katika kesi ya Ogentoto, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi kwamba usawa huo hauleti nusu kwa nusu wenyewe. Kila mmoja athibitishe mchango wake. (Mke katika kesi ile alipata nusu, lakini aliipata kwa ushahidi.) Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu mchango wa pesa na usio wa pesa: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia. Kwa hiyo aliyebaki Mombasa analea watoto watatu wakati mwenzake anafanya kazi za usiku Leicester, kule Uingereza, hakukaa bure machoni pa sheria.

Nchi nyingine zina mizani yao. Uingereza huanza kwa kuangalia mahitaji na usawa, na tangu kesi ya White ya mwaka 2000 hawambagui aliyekaa nyumbani na aliyeleta mshahara. California na Texas ni kati ya majimbo tisa ya Marekani ambako kilichochumwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nitapata ngapi", uliza "kesi itasikilizwa wapi".

"Jina lililo kwenye hati ndilo la mwisho"

Sheria yetu ya 2013 inachukulia kwamba mali iliyonunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja ameishika kwa amana ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni dhana ya kuanzia tu, inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, lakini inakupa pa kusimama.

Sasa ligeuzeni. Pwani yetu ina dada wengi walioolewa na Wajerumani, na kule Mtwapa na Diani kuna nyumba nzuri zilizoandikwa jina la mke kwa sababu Katiba yetu haimruhusu mgeni kumiliki ardhi zaidi ya kwa ukodishaji wa miaka 99. Mke anajiambia: hii yangu, ya Ujerumani yake, tumemalizana. Taratibu, dada. Ikiwa ndoa inatawaliwa na sheria ya kawaida ya Kijerumani, kila mmoja anabaki na mali yake, lakini wakiachana hupigwa hesabu ya nani mali yake imekua zaidi tangu siku ya ndoa, na nyumba ya Mtwapa inaingia kwenye hesabu hiyo. Tuseme mume ameongezeka euro 40,000, na mke, kwa nyumba hiyo, ameongezeka 100,000. Tofauti ni 60,000, na aliyeongezeka zaidi humlipa mwenzake nusu yake. Anayedaiwa 30,000 ni mke! Nimeona sura za watu zikibadilika wakifika kwenye mstari huo.

Na kama ndoa ilifungwa kuanzia tarehe 29 Januari 2019, bila makubaliano ya kuchagua sheria, mahakama ya Ujerumani au ya Italia kwa kawaida itaangalia kwanza maharusi walianza kuishi pamoja nchi gani. Walioanzia Nyali wanaweza kukuta jaji wa Hamburg anafungua sheria ya Kenya.

"Nimeshaachwa hapa, Uingereza hawatanisikiliza tena"

Huu ndio ule mlango mwingine, na ndio unaofichwa zaidi, wakati mwingine na mume mwenyewe. Uingereza ina sheria ya mwaka 1984 inayomruhusu mtu aliyeachwa nje ya nchi hiyo kuomba mgao huko, mradi apate kwanza ruhusa ya mahakama na kuwe na uhusiano na nchi: kwa mfano mmoja wenu amekuwa mkazi wa huko mwaka mzima, au mna nyumba huko mliyowahi kuishi kama mke na mume.

Kesi inayotajwa sana ni ya Wanaijeria, Agbaje. Ndoa ya miaka 38. Mume aliomba talaka Nigeria, na mke akapewa haki ya kuishi maisha yake yote katika nyumba ya Lagos pamoja na kiasi kinacholingana na pauni kama 21,000, huku nyumba mbili za London zikibaki kwa mume. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali apewe asilimia 65 ya bei ya nyumba moja ya London, kwa sharti kwamba aachie ile haki ya Lagos.

Mambo mawili hapa watu huyajua wakiwa wamechelewa. La kwanza: ukiolewa tena, au ukioa tena, kabla ya kupeleka ombi hilo, umelipoteza. Eda imekwisha, mchumba yupo, ndugu wanaharakisha. Hakuna anayekwambia kwamba ile kofia na kanzu ya kadhi inaweza kukugharimu nyumba. La pili: talaka inayotamkwa na mume aliyekaa Leicester, kwa simu au kwa sauti ya WhatsApp, haihesabiki mbele ya sheria ya Uingereza, kwa sababu talaka inayotolewa ndani ya nchi hiyo lazima itoke kwenye mahakama ya kiraia. Mbele ya dini hilo ni la kumuuliza kadhi. Mbele ya Uingereza bado ni mke, na anaweza kufungua kesi ya talaka huko akidai mali ndani yake.

"Sisi Waislamu mke hana chake ila mahari na eda"

Sheria ya 2013 inasema Mwislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Sawa. Lakini sheria hiyo hiyo ya Kiislamu inamwachia mke mali yake: Suratun Nisaa, aya ya 32, inawapa wanaume sehemu ya walichochuma na wanawake sehemu ya walichochuma. Pesa ya dhahabu aliyouza ikaingia kwenye nyumba haigeuki kuwa sadaka kwa mume kwa kuwa tu hapakuwa na mkataba. Wanaopenda kuikariri nusu ya kwanza ya aya, nusu ya pili huwapiga kikohozi.

"Ameshaiandikisha kwa kampuni"

Hata matajiri wa mafuta wamejaribu. Katika kesi ya Prest, mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba nyumba saba zilizokuwa chini ya kampuni kwa kweli zilikuwa za mume, zikaingia kwenye malipo ya mke. Na mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo iliruhusu wake wawili kufungua upya makubaliano ya zamani kwa sababu waume walificha mali.

Kuhusu thamani nitasema kidogo tu: toa deni la benki kwanza, na andikeni siku ya kubadilisha fedha. Nyumba ya dola 100,000 ilikuwa shilingi milioni 16 mwanzoni mwa 2024, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa kama milioni 13, bila tofali kuanguka.

Yule mama nilimuuliza kama ana anwani ya nyumba. Alikuwa nayo, nyuma ya bahasha ya kadi ya Idi. Daftari la ardhi la Uingereza liko wazi kwa yeyote tangu 1990. Unalipa ada ndogo kwenye mtandao, unapata nakala. Tukalipia kwa simu. Ikaja kurasa tatu: jina la mume, bei aliyonunulia, rehani ya benki, na tarehe ya kuandikishwa. Akavaa miwani, akapekua zile risiti ambazo bado zinasomeka, akatoa moja akaiweka kando ya tarehe ile. Ilitangulia kwa wiki saba.

"Hii ndiyo ya dhahabu," akasema. Kisha akauliza mashine ya fotokopi iko wapi, kabla na hiyo haijafifia.