Mtunzi wa nyimbo za Broadway na Hollywood ni yupi hasa?

Wimbo "Over the Rainbow" una baba wengi. Mtangazaji mmoja atakwambia ni wa Israel Kamakawiwoʻole, yule Mhawaii mwenye ukulele. Mwingine, anayejua zaidi kidogo, atasema la hasha, ni wa Judy Garland, aliyeuimba kwenye filamu ya The Wizard of Oz ya 1939. Hao wawili nimewavumilia miaka mingi. Aliyenichosha ni wa tatu, aliyesimulia kwa hisia nzito jinsi Judy Garland alivyoutunga akiwa na miaka 16 kutokana na machungu ya utoto wake. Machungu alikuwa nayo kweli. Wimbo hakuutunga. Alipewa auimbe, kama alivyopewa vile viatu vyekundu avivae katika filamu hiyo.

Basi tuseme maana kwa haraka. Mtunzi, katika tamthilia za muziki za Broadway, yaani kumbi kubwa za maonyesho za New York, na katika filamu za Hollywood zenye nyimbo, ni yule aliyebuni lahani: ule mpando na mshuko wa sauti ambao ukiupiga mluzi bila neno hata moja, mtu atautambua wimbo. Pamoja na lahani, amebuni sauti za piano zinazoibeba. Maneno si lazima yawe yake. Mgawanyo wa vyombo, nani apige zeze na nani apulize tarumbeta, kwa kawaida si wake. Koo linaloimba si lake. Na Hollywood, hata wimbo wenyewe kisheria ulikuwa mali ya studio.

Aliyebuni lahani ya wimbo huo ni Harold Arlen. Alizaliwa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1905, kwa jina la Hyman Arluck, mtoto wa kiongozi wa nyimbo katika sinagogi. Yeye mwenyewe alitaka kuwa mwimbaji. Mwaka 1929, akiwa mpiga piano wa mazoezi kwenye tamthilia moja, alikuwa akirudia kipande kifupi cha kuwaashiria wacheza dansi waanze, na kila aliporudia akakiongezea kitu. Kipande kile kikawa "Get Happy", wimbo uliofika Broadway mwaka 1930 ukiwa na maneno ya Ted Koehler. Wawili hao wakaajiriwa kuandikia maonyesho ya Cotton Club kule Harlem, ukumbi ambao jukwaani walikuwa Weusi na mezani Wazungu watupu, na mwaka 1933 Ethel Waters akauimba humo "Stormy Weather". Baada ya hapo Hollywood ikamwita.

Angalia majina yanavyokuja mawilimawili, la mwenye muziki na la mwenye maneno. Arlen na Koehler. Arlen na E. Y. Harburg. Arlen na Johnny Mercer. Arlen na Ira Gershwin. Hii ndiyo sehemu inayowapotosha watu wetu, kwa kuwa Kiswahili kinamwita mtunzi huyu na yule pia, wa shairi na wa muziki. Lakini msikilizaji wa taarabu hapaswi kushangaa hata kidogo: shairi huwa la mmoja, muziki akatia mwingine, akaimba wa tatu, na wa tatu ndiye anayetuzwa. Broadway ni hivyohivyo, ila huko kila mmoja ana jina la kazi yake na asilimia yake katika mkataba.

Kwa "Over the Rainbow", lahani ilitangulia. Studio ya MGM iliwaajiri Arlen na Harburg mwaka 1938 waandike nyimbo za The Wizard of Oz, kwa mkataba wa wiki 14. Nyimbo za kuchekesha zilikuja upesi. Ule mmoja mzito, wa msichana wa Kansas anayetamani kwenda mbali, ukagoma. Siku moja Arlen alikuwa garini kwenye Sunset Boulevard, mkewe Anya akiendesha, akaomba gari lisimame karibu na duka la dawa la Schwab's, akaandika alichosikia kichwani. Alipompigia Harburg piano, Harburg hakufurahi. Noti ya kwanza na ya pili zinaachana kwa oktava nzima, yaani noti nane za ngazi ya sauti, mruko wa sauti kubwa ya opera, na yeye alikuwa na mtoto wa shambani mawazoni. Ikabidi aitwe Ira Gershwin asikilize. Shauri lake lilikuwa jepesi: upige kwa kasi kidogo, upunguze uzito wa mkono wa kushoto. Hapo Harburg akaridhika, akaanza kutafuta maneno.

Na upinde wa mvua ni wa Harburg. Kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, ambacho filamu ilitokana nacho, hakina upinde huo. Kina Kansas ya kijivu, ardhi ya kijivu, hata nyumba ya kijivu. Harburg aliwaza kwamba mtoto wa mahali kama pale, kitu pekee chenye rangi alichowahi kukiona kingekuwa upinde wa mvua. Kwa hiyo mtu akiniambia wimbo ule "unahusu matumaini ya Arlen", nauliza: matumaini yapi? Arlen alileta mruko wa oktava. Kilichoko upande wa pili wa mruko ni cha Harburg.

Utaratibu wa lahani kwanza si sheria. Richard Rodgers alipokuwa na Lorenz Hart, muziki ulitangulia, Hart akijaza maneno baadaye, tena akishapatikana, maana alikuwa mtu wa kutafutwa. Rodgers huyohuyo alipohamia kwa Oscar Hammerstein II na kutoa Oklahoma! mwaka 1943, mambo yakageuka: Hammerstein aliandika maneno kwanza, kwa wiki kadhaa, kisha Rodgers akayatia muziki. Linganisha nyimbo za kipindi kimoja na kingine, utasikia tofauti, ingawa mtunzi ni mmoja. Wapo pia waliofanya yote mawili, maneno na muziki: Irving Berlin, Cole Porter, Frank Loesser. Hao ndio wachache. Tatizo ni kwamba umaarufu wao umewafanya watu wadhani kila mtunzi yuko hivyo.

Berlin ananisaidia kukata mzizi mwingine wa fitina, wa wale wanaodai kwamba mtunzi ni anayeandika noti. Berlin hakujua kuandika noti. Alipiga piano zaidi kwenye vibonye vyeusi, na piano yake ilikuwa na mtambo wa kuhamisha sauti juu au chini ili yeye abaki palepale alipopazoea. Alikuwa na katibu wa muziki aliyekaa pembeni akiandika. Katibu aliandika, Berlin alitunga. 

Kisha kuna mpangaji wa vyombo, mtu asiyetajwa kabisa, nami naona anaonewa. Tamthilia ya Broadway ya zama zile haikuzinduliwa New York moja kwa moja. Ilipelekwa kwanza New Haven, Boston au Philadelphia, ikaonyeshwa, ikakatwakatwa. Wimbo unafutwa usiku, mwingine unahitajika kesho, na okestra lazima iwe na karatasi mezani. Mtunzi anahangaika na wimbo mpya. Hana saa za kukaa kumwandikia kila mpiga chombo sehemu yake. Kazi hiyo ilikuwa ya watu kama Robert Russell Bennett, aliyevalisha okestra tamthilia kama Show Boat, Oklahoma! na South Pacific. Ile sauti tamu ya vyombo ambayo watu huisifu na kuiita "mtindo wa Rodgers", kwa sehemu kubwa ni mkono wa Bennett. Mtunzi Kurt Weill alikuwa tofauti na Rodgers: alipanga vyombo vyake mwenyewe, na wenzake walimstaajabia kwa hilo.

Sasa Hollywood, ambako mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Broadway, nyimbo ndizo muziki wa tamthilia. Anayezitunga ndiye mwenye muziki. Kwenye filamu kuna muziki wa aina mbili. Kuna nyimbo, zinazoimbwa na wahusika. Na kuna muziki wa chini, ule unaopita wakati mtu anakimbia, anaogopa au anakumbatiwa, wala hakuna anayeimba. Hizo zilikuwa ajira mbili tofauti za watu tofauti. Ndiyo maana kwa filamu hiyohiyo moja ya The Wizard of Oz, katika sherehe ya Oscar ya mwaka 1940, Arlen na Harburg walichukua tuzo ya wimbo bora, na Herbert Stothart akachukua tuzo ya muziki wa filamu. Tuzo mbili, kazi mbili.

Tuzo ya wimbo yenyewe ilileta ugomvi mzuri muda si mrefu. Miongoni mwa nyimbo za filamu za mwaka 1941 zilizoshindania Oscar, Arlen na Mercer walikuwa na "Blues in the Night". Ukashinda "The Last Time I Saw Paris" wa Jerome Kern na Hammerstein. Lakini wimbo huo haukuwa umeandikwa kwa ajili ya filamu. Waliuandika baada ya Wajerumani kuiteka Paris mwaka 1940, ukarekodiwa, ukasikika, kisha ukachomekwa kwenye filamu ya Lady Be Good. Aliyelalamika zaidi ni Kern mwenyewe, mshindi. Aliona wimbo wa Arlen ndio uliostahili, akataka kanuni ibadilishwe, nayo ikabadilishwa: tangu hapo wimbo sharti uwe umetungwa mahususi kwa filamu. Hebu pima uzito wa jambo hilo. Mtu amepewa sanamu ya dhahabu, naye anawaambia waliompa kwamba wamechanganya wimbo wa filamu na wimbo uliomo ndani ya filamu. Huyo ni mtunzi anayeijua maana ya kazi yake.

Umiliki nao ulitofautiana. Broadway, tangu makubaliano ya mwaka 1926 kati ya Dramatists Guild, chama cha waandishi wa tamthilia, na watayarishaji, waandishi walibaki na hakimiliki, na kazi yao haikubadilishwa bila idhini yao. Hollywood, mtunzi alikuwa mwajiriwa. Wimbo ni wa studio, na studio zilikwenda mbali hadi kununua wachapishaji wa muziki, kama Warner Bros. ilivyofanya mwaka 1929. "Over the Rainbow" ulikatwa kwenye filamu baada ya maonyesho ya majaribio, wakubwa wa MGM wakisema unachelewesha hadithi. Arlen hakuwa na la kufanya. Ulirudishwa kwa sababu Arthur Freed, aliyekuwa msaidizi wa mtayarishaji, aliupigania ofisini. Broadway wangelazimika kumuuliza Arlen kwanza.

Na bado kuna pesa. Redio ya kawaida ya Marekani inapopiga wimbo, inalipia utunzi kupitia vyama vya kukusanya malipo ya watunzi kama ASCAP, kilichoanzishwa 1914. Mwimbaji wa rekodi ile halipwi na redio hiyo hata senti. Kwa hiyo sheria ya huko inajua fika nani mtunzi na nani mwimbaji, hata kama mtangazaji hajui.

Arlen alirudi Broadway mara kadhaa, na hapo utaona jambo jingine: wimbo na tamthilia yake havifi pamoja. Bloomer Girl ya 1944 ilifanikiwa sana, leo ni nadra kuonyeshwa. St. Louis Woman ya 1946 ilifungwa baada ya maonyesho 113, lakini "Come Rain or Come Shine" ulitoka humo ukaenda zake, ukaimbwa na kila mwenye koo. House of Flowers ya 1954, aliyoiandika na mwandishi Truman Capote, nayo haikudumu, na wapenzi wa muziki hawajaacha kuisifu. Nyimbo hizo zimezoea kusafiri bila jina la mwenyewe. Kuna kisa kinachosimuliwa kwamba Arlen alipanda teksi, dereva akawa anapiga mluzi "Stormy Weather". Arlen akamuuliza kama anajua umetungwa na nani. Dereva akataja Irving Berlin. Hapana. Richard Rodgers. Hapana. Cole Porter. Hapana tena. "Ni mimi," akasema, "Harold Arlen." Dereva akageuka: "Nani?"

Simlaumu dereva, alikuwa angalau akitaja watunzi, wala si waimbaji. Na wewe ukisema kwamba Arlen, aliyefariki New York mwaka 1986, alitunga muziki wa The Wizard of Oz, hujakosea sana. Sema tu alitunga nyimbo zake. Muziki unaovuma kimbunga kikija na nyani wenye mabawa wakishuka, mwachie Stothart na wasaidizi wake. Na sentensi ikiwa bado ina nafasi, mtie na Harburg.