Maswali mnayoniuliza kuhusu vile vyeti vya usalama wa chakula

Nafanya kazi ya ubora kwa kiwanda kimoja cha chakula hapa Industrial Area, na tangu tufanyiwe ukaguzi wa kuhamia toleo jipya la cheti watu wa chama chetu huku Umoja wananiuliza hiyo karatasi ya ukutani inawasaidia aje. Nimekusanya maswali yao nikayajibu hapa.

ISO 22000, hicho cheti chenu cha usalama wa chakula, si ni ile tu alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa pakiti?

Zii, hizo ni vitu mbili. Alama ya KEBS inaongea juu ya bidhaa yenyewe, kwa mfano unga wa mahindi haufai kuwa na aflatoksini, ile sumu ya kuvu, zaidi ya mikrogramu 10 kwa kilo. Na hiyo aflatoksini msiichukulie poa, mwaka wa 2004 ilimaliza watu 125 Ukambani, wengi wao Makueni na Kitui, na ilikuwa tu mahindi iliyohifadhiwa vibaya. ISO 22000 yenyewe inaangalia vile kampuni inafanya kazi, nani anapima nini, saa ngapi, na ikipatikana makosa nani anasimamisha mashine. Ndio maana haifai kuchapishwa kwa pakiti kama vile chakula chenyewe ndicho kimepewa cheti.

Sasa nini kimebadilika?

ISO 22000 ilitoka 2005 ikaandikwa upya 2018, alafu 2024 ikaongezewa kitu kidogo kuhusu tabianchi: kampuni lazima ijiulize kama mabadiliko ya hali ya hewa yanaigusa. Kuna wenye waliona ni maneno tu lakini hapa kwetu mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, mahindi inakauka vibaya, kuvu inaingia, na hiyo ndio aflatoksini nimetaja hapo juu. Halafu kuna cheti kingine kinaitwa FSSC 22000, ambayo imejengwa juu ya ISO 22000 na wanunuzi wakubwa wengi hupenda kuiulizia. Toleo lake la 6 lilitoka Aprili 2023 na kampuni zilikaguliwa kuhamia huko kati ya Aprili 2024 na Machi 2025. Limeongeza mambo ya kupunguza chakula kinachotupwa, vile mashine mpya zinanunuliwa, na kile mimi naona ndio kikubwa kabisa, utamaduni wa usalama wa chakula.

Utamaduni aje tena?

Hapa wacha niongee kidogo. Chukua kijana wa kibarua analipwa kwa siku, ameamka akiharisha, na anajua akisema atarudishwa nyumbani bila pesa na landlord anamngoja. Atanyamaza, aingie kwa laini, ashike chakula kitakachokula watu mia ngapi, na hivyo ndivyo taifodi, hepataitisi A na virusi vya kuharisha husambaa. Cheti chake cha afya kile cha miezi sita kiko sawa lakini kilipima tumbo ya siku ile, si ya leo asubuhi. Kwa hivyo saa hii kampuni lazima iwe na mpango wenye malengo na tarehe kuonyesha wafanyakazi wamefunzwa, wanasikizwa na wanaweza kuripoti shida. Kwa maoni yangu kampuni isiyolipa mgonjwa siku aliyokaa nyumbani haijaelewa hicho kipengele, hata kama imebandika posta kila ukuta.

Mtoto wangu njugu humfanya avimbe, hizi vyeti zinamsaidia?

Zinasaidia, juu kampuni lazima iwe na mpango wa vitu vinavyoleta mzio, kama njugu, maziwa, mayai, ngano, soya na samaki, ili mashine iliyopitisha njugu isipitishe biskuti zingine kabla ioshwe vizuri. Wewe soma lebo kila mara hata kama ni bidhaa umezoea, na jua kupika hakuondoi shida ya njugu. Midomo ikivimba au pumzi ikianza kukwama ni hospitali mara moja, usingoje.

Mimi niko na kibanda ya chapo na maharagwe, nahitaji cheti hiki?

Hapana mama, hizo gharama wacha, wewe chukua tu akili yake. Bakteria hupenda joto la kati ya digrii 5 na 60, kwa hivyo maharagwe yakae yakitoa moshi ama yapoe haraka yaingie friji. Kisu cha nyama mbichi kisikate kachumbari. Wali uliolala nje usiuchukue ukaupashe moto asubuhi ukidhani umeponya, kuna sumu ya bakteria haivunjiki na moto.

Kampuni ikiwa na cheti nakula bila wasiwasi?

Cheti hukaa miaka mitatu na wakaguzi wanarudi kila mwaka, na kwa FSSC angalau mara moja kwa hiyo miaka mitatu wanakuja bila kuambia mtu. Hiyo inapunguza hatari, haimalizi. Ukila kitu tumbo ikakataa, kunywa maji ya ORS, nenda kliniki ukiona damu, homa kali ama mtoto amelegea, na pakiti usiitupe, juu ile namba ya bechi iliyopigwa mhuri ndio sisi kiwandani tunatumia kujua ilitengenezwa siku gani, saa ngapi, na maduka gani tuyapigie simu waiondoe kwa rafu.