Kumtunza mzee Maine: kabla hujauliza bei, uliza nani analipa

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Dada, hizi nyumba za wazee ni bei gani?" Nami humuuliza anayepiga mzee alikuja Marekani kwa njia gani, ana makaratasi gani, na kama aliwahi kufanya kazi hapa. Baadhi hununa, wanaona kama nimegeuka ofisa wa uhamiaji. Lakini kazi yangu ni kuzisaidia familia kupanga utunzaji wa wazee hapa Maine, na bei iliyochapishwa kwenye kijitabu cha nyumba ndiyo habari ninayoihitaji mwisho kabisa. Katika chumba kimoja utakuta vitanda viwili: wa huku analipa zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi kutoka mfukoni, wa kule anatoa pensheni yake karibu yote na serikali inamalizia. Uji ni uleule na muuguzi ni yuleyule.

La ajabu ni kwamba wengi wetu tunazijua nyumba hizi kwa ndani. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa Portland na Lewiston wamo miongoni mwa wanaoogesha, kulisha na kukesha na wazee wa jimbo hili. Tunajua kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongoni. Ofisi ya malipo ndiyo hatujaingia.

Maine ina watu kama milioni 1.4, na kwa umri wa katikati ndilo jimbo lenye wazee kuliko yote ya Marekani. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ametimiza miaka 65. Sehemu kubwa ya watu hawa wanaishi vijijini na katika miji midogo. Kaunti ya Aroostook, kule kaskazini mpakani na Kanada, eneo lake ni karibu theluthi mbili ya Rwanda nzima, na wakazi wake hawafiki 70,000. Kutoka Portland hadi Fort Kent ni kilomita 500 hivi, na kwenye theluji usiniulize saa ngapi. Kitanda kikipatikana huko wakati wewe uko Lewiston, hicho si kitanda cha kumtembelea mzee jioni baada ya kazi.

Na vitanda vyenyewe vinapungua. Mwaka 2022 shirika la Maine Veterans' Homes, linalotunza wanajeshi wastaafu, lilitangaza kwamba litafunga nyumba zake za Caribou na Machias. Ikabidi bunge la jimbo na Gavana Janet Mills wapitishe sheria na fedha za kuziokoa. Nyumba nyingine za vijijini hazikupata mwokozi. Sababu hazifichiki: wafanyakazi hawapatikani, na wakipatikana, kile ambacho serikali inalipa kwa mzee mmoja hakitoshi gharama zake.

Sasa bei. Uchunguzi wa kila mwaka wa kampuni za Genworth na CareScout uliweka bei za katikati kwa Marekani nzima mwaka 2024 hivi: mhudumu wa afya nyumbani dola 34 kwa saa; kituo cha kutunzia wazee mchana dola 100 kwa siku; makazi yenye usaidizi, ambako mzee ana chumba chake na watu wa kumsaidia kuoga na kunywa dawa, dola 5,900 kwa mwezi; nyumba ya uuguzi, chumba cha watu wawili, dola 111,325 kwa mwaka. Maine huwa juu ya hapo. Wengi wakisikia hivyo husema, "Basi tutamweka nyumbani, tulipe mtu." Piga hesabu. Saa nane kila siku kwa dola 34 ni zaidi ya dola 8,000 kwa mwezi. Mzee asiyeweza kuachwa peke yake usiku, ukilipa saa 24, anakula karibu dola 25,000. Nyumbani ni rahisi pale tu ambapo familia inabeba saa nyingi bila malipo. Na tuseme ukweli, "familia" maana yake ni binti mmoja, aliyeacha zamu zake za hospitali huku kaka zake wakituma salamu.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kudhani Medicare italipa. Medicare ni bima ya serikali ya matibabu kwa wazee. Mzee akilazwa hospitali siku tatu mfululizo kisha akahitaji uuguzi wa kitaalamu au mazoezi ya viungo, italipia nyumba ya uuguzi siku 20 za kwanza, na kuanzia siku ya 21 mpaka ya 100 mzee anachangia. Mwaka 2025 ilikuwa dola 209.50 kila siku. Baada ya hapo, basi. Na zile siku tatu zina mtego. Mzee anaweza kulala wodini, akala chakula cha wodini, lakini kwenye kompyuta ya hospitali ameandikwa kuwa yuko chini ya uangalizi tu, hajalazwa. Siku hizo hazihesabiwi. Kila siku mwulize muuguzi wa zamu: mzazi wangu amelazwa, au yuko kwenye uangalizi?

Anayelipa utunzaji wa muda mrefu ni Medicaid, ambayo hapa inaitwa MaineCare. Hiyo ni bima ya serikali kwa watu wenye kipato na akiba ndogo. Mzee asiye na mwenzi anaruhusiwa kubaki na akiba ya dola 10,000 hivi. Kama ana mke au mume anayebaki nyumbani, huyo analindwa zaidi (mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 157,920), na nyumba wanayoishi haihesabiwi. Mzee akifariki, serikali inaweza kudai kutoka kwenye mirathi kile ilicholipa tangu alipofika miaka 55. Kuna njia halali ambayo watu hawaielezwi: mtoto aliyeishi katika nyumba ya mzazi miaka miwili akimtunza, na utunzaji huo ukachelewesha kwenda kwenye nyumba ya uuguzi, anaweza kuandikishwa umiliki wa nyumba ya mzazi bila adhabu, yaani bila MaineCare kumcheleweshea mzee malipo. Hapo mwone wakili kabla ya kusaini lolote.

Sisi tuna jambo letu la ziada. MaineCare huangalia nyuma miezi 60 kuona mzee alimpa nani pesa bure; ikiziona, inaweza kumcheleweshea malipo. Haiulizi kama pesa zilienda kwa jirani wa Bangor au kwa ada ya shule ya wajukuu Bukavu. Kiwanja cha Uvira chenye jina la mzee nacho ni mali. Simwambii mtu aache kusaidia nyumbani, nani angenisikiliza? Ninachosema ni kwamba risiti zihifadhiwe, na kama zinazotumwa ni pesa za mtoto, zitoke kwenye akaunti ya mtoto.

Hapo ndipo lile swali langu la makaratasi linaporudi. Mzazi aliyeletwa na mwanawe raia, akapata grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa ombi la familia, kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya Medicaid kumlipia utunzaji wa muda mrefu. Medicare anaweza kuinunua akiwa na miaka 65 na miaka mitano ya ukaazi mfululizo, lakini asipokuwa na robo 40 za kazi (kama miaka kumi ya kazi yenye makato), zake au za mwenzi wake, sehemu ya hospitali peke yake ilikuwa dola 518 kwa mwezi mwaka 2025. Na yule mtoto aliyesaini fomu ya I-864 ameahidi kisheria kumtunza; kipato chake kinaweza kuhesabiwa kama cha mzee.

Aliyekuja kama mkimbizi alikuwa na njia nyepesi zaidi. Alipata SSI, ile posho ya wazee na wenye ulemavu, dola 967 kwa mwezi mwaka 2025, lakini kwa miaka saba tu kama hajawa raia. Halafu sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inawaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye Medicaid ya shirikisho kuanzia Oktoba 1, 2026, ikiwa bado hawana grinikadi. Kwa hiyo grinikadi ya mama isikae kwenye bahasha ikisubiri "mwaka ujao". Uraia nao una milango ambayo wazee wetu wanaiogopa bure. Mwenye miaka 50 na ukaazi wa miaka 20, au miaka 55 na ukaazi wa miaka 15, hafanyi mtihani wa Kiingereza. Maswali ya uraia anajibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Aliyepoteza kumbukumbu, daktari wake anaweza kumjazia fomu N-648 ya kuomba asamehewe mtihani.

Ukiniuliza ningemchagulia mama yangu nini, ningeanza na mpango wa MaineCare wa kumtunza mtu nyumbani, Kifungu cha 19. Unampa mzee anayehitaji kiwango cha nyumba ya uuguzi msaada huo kwake, na mtoto mtu mzima anaweza kuajiriwa na kulipwa kwa kazi aliyokuwa akiifanya bure. Udhaifu wake ni kwamba saa zinazoidhinishwa zinabaki kwenye karatasi mtu asipopatikana, hasa vijijini. Kwa hiyo mwenye binti au mpwa aliye tayari kusajiliwa amewatangulia wengi. Baada ya hapo ningetafuta nyumba ndogo za kulea wazee, zisizozidi watu wanane, ambako jiko liko karibu na mzee anaweza kudai ugali wake.

Makazi yenye usaidizi yanavutia kwa zulia na piano ya ukumbini, lakini mengi hayapokei MaineCare. Mengine huipokea baada ya kipindi fulani cha kujilipia. Uliza siku ya kwanza: akiba ikiisha, mzee atabaki au atahamishwa? Jibu liwe kwa maandishi. Nyumba inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inapaswa kutoa mkalimani bila malipo, basi usikubali mjukuu wa darasa la sita akalishwe kutafsiri habari za figo za bibi yake.

Pa kuanzia ni shirika la eneo lako la wazee. Lewiston ni SeniorsPlus, Portland ni Southern Maine Agency on Aging, kaskazini ni Aroostook Agency on Aging. Kwingineko piga simu namba 211. Ushauri wao ni bure. Uwe na grinikadi au cheti cha uraia cha mzee, barua ya Social Security (pensheni ya serikali) kama anayo, taarifa za benki, na orodha ya dawa. Na piga akiwa bado anatembea, maana tathmini, ombi na majibu ya MaineCare ni mambo ya wiki na miezi, wakati hospitali ikitaka kitanda chake inakupa siku chache tu.